Picha elfu ishirini kwenye simu ya tachi: namna ya kutengeneza saiti ambayo mtu anapekua bila kuchoka

Ukikaa na watu wa picha hapa Bagamoyo siku hizi utasikia kilio kimoja. Studio zina negativu za enzi za filamu ndo kwanza zinaskaniwa, wapiga picha wa harusi diski zimewajaa, vijana waliopita TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni cha hapa, kila tamasha wanarudi na memori kadi zimejaa ngoma na sarakasi, afu hao wote picha zao ziko kwenye folda ndani ya folda, MPYA, MPYA 2, MPYA KABISA. Siku mteja akija kuulizia ile picha ya babu yake kavaa kanzu kasimama mbele ya Boma, wanaanza kutafuta asubuhi, adhuhuri inaingia na picha haijaonekana.

Akipatikana mtu anayejua koding kidogo anaambiwa, "Fundi, tuwekee sehemu ya kusachi." Mimi hapo ndo huwa nabisha. Sehemu ya kusachi ni kitu cha mwisho, sio cha kwanza, na makala yote hii nitakuwa nazunguka hapo hapo: anayetafuta picha mara nyingi hana neno la kuandika, ila akiiona anaijua. Kwahiyo kazi yako ni kumwonyesha picha nyingi kwa mpigo, haraka, kwa mpangilio ambao tayari anao kichwani, afu asipoteze pale alipofika. Vingine ni nyongeza.

Na sio ubishi wangu tu. Mwaka 2003 Kerry Rodden na Kenneth Wood kule Uingereza walitoa utafiti kuhusu watu wanavyotunza picha zao za dijitali. Waliwapa watu programu yenye mambo makubwa makubwa, kusachi kwa maneno yaliyorekodiwa kwa sauti, kusachi kwa kufanana kwa picha, na watu wakayaacha. Walichokipenda ni vitu viwili vya kawaida kabisa, picha kupangwa kwa tarehe ilivyopigwa na kuona picha ndogo ndogo nyingi kwa wakati mmoja. Miaka saba kabla ya hapo, 1996, Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland alishaandika utaratibu ambao wadizaini mpaka leo wanaufuata, kwamba mwonyeshe mtu zote kwanza, kisha mpe namna ya kusogea karibu na kuchuja, na maelezo ya undani yaje pale anapoyaomba. Ukikumbuka hayo mawili umeshawazidi wengi wanaouza "mfumo wa kisasa wa picha".

Kabla hujadizaini chochote, safisha tarehe

Najua unataka kurukia kwenye rangi na vitufe. Subiri. Kama tarehe ni mbovu, kiolesura kizuri, yani ile sura ya saiti mtu anayoiona na kuigusa, kitaonyesha uchafu vizuri, basi.

Picha ya kamera ya dijitali au ya simu inabeba ndani yake taarifa zinaitwa EXIF, yani tarehe na saa, aina ya kamera, kamera ilishikwa kwa upande gani, na kama GPS ilikuwa imewashwa basi na mahali. Sasa picha ikishapita WhatsApp kama picha ya kawaida imevuliwa hizo taarifa na imepunguzwa ukubwa, kilichobaki ni jina la faili kama IMG-20240817-WA0031, na hiyo tarehe unayoiona kwenye jina inahusu safari yake ya WhatsApp, sio siku iliyopigwa. Waambie watu mapema kabisa, picha zitumwe kama dokumenti au ziletwe na flashi. Ukishapokea za WhatsApp za miaka mitatu hakuna ujanja wa kuzirudisha.

Tatizo la pili ni saa za kamera. Harusi moja ina wapiga picha wawili, mmoja saa yake iko nyuma masaa sita kwa sababu tangu anunue kamera hajaigusa, ukizipanga kwa tarehe unaona watu wanakula keki afu ndo wanaingia ukumbini. Dawa yake rahisi: tafuta tukio moja ambalo wote wawili wamelipiga, angalia tofauti ya saa, afu sogeza picha zote za kamera ile yenye saa mbovu kwa tofauti hiyo. Kuna programu ya bure inaitwa ExifTool inafanya hiyo kwa amri moja kwa folda zima.

Picha za kuskani ndo zenye mtego mkubwa. Picha ya mwaka 1972 ikiskaniwa leo faili lake linasema leo, kwahiyo usipoangalia, bibi aliyepigwa picha akiwa binti anatokea juu kabisa kwenye "picha mpya". Weka sehemu mbili tofauti kwenye databesi, tarehe ya kupigwa na tarehe ya kuskaniwa, na ile ya kupigwa iwe na mwanzo na mwisho, mwaka wa mapema kabisa unaowezekana na wa mwisho kabisa unaowezekana, kwa sababu picha nyingi za zamani hakuna anayejua mwaka wake kamili. Hapo majengo ya mji yanasaidia sana. Picha inaonyesha Boma la Wajerumani limesimama, basi haiwezi kuwa ya kabla ya 1897. Inaonyesha majengo ya misheni ya Wakatoliki, basi sio ya kabla ya 1868 walipofika hapa. Unabana huku na huku mpaka unapata miaka kumi au ishirini, inatosha.

Na kwenye skrini uandike hivo hivo unavyojua: "miaka ya 1960", "kati ya 1897 na 1910". Mifumo mingi ukiipa mwaka tu yenyewe inajaza 01/01, unakuta mamia ya picha zote eti zimepigwa mwaka mpya, wazee wanaangalia wanakucheka.

Mengine ya haraka: kamera inapoandika kwamba ilishikwa wima, zungusha picha kabisa wakati wa kutengeneza zile ndogo, usiiachie brauza. Na faili asilia usiliguse kamwe, weka kwenye diski mbili tofauti nyumba mbili tofauti, saiti itumie nakala tu.

Kuhusu picha zinazojirudia, hapa nitakaa kidogo. Mpiga picha akibonyeza mfululizo kwenye ngoma unapata picha thelathini za mruko mmoja, na mtu anayepekua anapita skrini nne nzima anaona mguu ule ule hewani. Njia nyepesi ya kuzikamata: chukua picha, ipunguze iwe pikseli (vile vidoti vinavyojenga picha) 9 kwa 8 ya kijivu, afu kwa kila mstari linganisha kila pikseli na jirani yake wa kulia, ana mwanga zaidi au hana. Unapata majibu 64 ya ndiyo na hapana, hiyo ndo alama ya picha. Picha mbili ambazo alama zao zinapishana sehemu chache tu, tuseme chini ya kumi, kuna uwezekano mkubwa zinafanana. Usizifute! Zibebanishe tu, moja juu, na kinamba kidogo pembeni "30", anayetaka kuziona zote anagusa. Kiwango cha kumi nacho sio msahafu, jaribu kwenye picha zako mwenyewe, za baharini huwa zinadanganya kwa sababu nusu yote ni anga na maji.

Hesabu ya bando

Mtumiaji wako yupo pale stendi na simu ya laki moja na nusu, bando la wiki, mtandao unapanda unashuka. Huyo ndo bosi wako, sio wewe mwenye laptopu.

Picha moja ya kamera ina kama MB 4. Skrini ya gridi ukiweka picha 60 za asili umemlisha MB 240, hilo sio saiti ni wizi. Ukitengeneza picha ndogo ya upana wa pikseli 300 kwa WebP, aina ya faili la picha jepesi ambayo Google waliitoa tangu 2010 na brauza zote za sasa zinaisoma, inakuja kama KB 12, na hizo 60 zote zinakuwa KB 720. Kwahiyo kila picha itengenezewe saizi tatu: ndogo ya gridi, ya kati ya pikseli 1600 hivi ya kuitazama, na ya asili ambayo mtu anaipata kwa kuomba tu na unamwandikia kabisa "MB 4" kwenye kitufe ajue anachobonyeza.

Kuna gharama nyingine watu hawaioni, memori ya simu. Picha ikishafunguliwa kwenye skrini ile KB 12 sio KB 12 tena, kila pikseli inakula baiti 4. Picha ndogo ya 300 kwa 200 inakuwa KB 240. Ukimruhusu mtu askroli picha elfu ishirini zote zikabaki kwenye ukurasa, hiyo ni GB 4.8, na simu ina GB 2. Inastaki, brauza linajifunga, anaondoka. Na picha moja ya megapikseli 12, yani 4000 kwa 3000, ikifunguliwa nzima ni MB 48 peke yake. Ndo maana inabidi ubakize kwenye ukurasa zile zinazoonekana na skrini moja au mbili juu na chini, zilizopita ziondolewe na pawekwe nafasi tupu yenye urefu ule ule. Kama mkusanyiko wako ni picha mia tano tu usijisumbue na hayo, andika loading="lazy" kwenye kila picha, brauza litajipangia lenyewe.

Nafasi tupu lazima iwe na ukubwa sahihi, hii ni muhimu mno. Andika upana na urefu wa kila picha kwenye koding ya ukurasa kabla picha haijalodi, na pale inaposubiriwa jaza rangi moja inayotawala picha hiyo, bluu ya bahari, kahawia ya udongo. Usipofanya hivo kila picha ikiingia inasukuma zingine chini, mtu anataka kugusa picha ya harusi anajikuta kagusa ya mbuzi.

Usizikate ziwe mraba

Najua mraba unapendeza, watu walizoeshwa na Instagram ya zamani. Ila fikiria picha za hapa kwetu, jahazi lenye mlingoti mrefu ukilikata mraba unabaki na tumbo la chombo na tanga nusu, mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe unapoteza kizingiti cha juu ambacho ndo chenye maandishi na maua, picha ya familia watu waliosimama pembeni wanaondoka, na aliyesimama pembeni ndo huyo huyo mjukuu wake anamtafuta. Mtu anatambua picha kwa umbo lake zima. Ukiikata umemnyima nusu ya kumbukumbu.

Zile nguzo za mtindo wa Pinterest, ambazo kila picha ina upana sawa na urefu tofauti, hazikati picha lakini zina shida nyingine, jicho halijui lisome kwenda chini au kwenda kulia, kwahiyo mpangilio wa tarehe unavurugika. Kwa mkusanyiko unaopangwa kwa wakati mimi natumia mistari iliyojazwa: picha zote za mstari mmoja urefu sawa, upana unatofautiana, na mstari unaisha sawasawa na ukingo wa skrini.

Hesabu yake sio ngumu. Kwa kila picha gawanya upana kwa urefu upate uwiano wake. Picha ya kulala ya kawaida ni 1.5, ya kusimama ni 0.67. Anza kuongeza picha kwenye mstari mpaka urefu ushuke kwenye kiwango unachotaka. Mfano simu yenye upana wa pikseli 360, picha tatu, kulala kusimama kulala, jumla ya uwiano 3.67. Toa nafasi za katikati mbili za 4, inabaki 352, gawa kwa 3.67 unapata urefu kama 96. Basi upana wake ni 144, 64 na 144, ukijumlisha unarudi 352 ile ile. Mimi naruhusu urefu ucheze kati ya 90 na 150 kwenye simu, na mstari wa mwisho wa kila tukio usiuvute kujaza, uache uishie pale pale unapoishia, ukiuvuta utapata picha moja kubwa kama bango la barabarani.

Kati ya tukio na tukio weka kichwa kifupi: "Ngoma, uwanja wa TaSUBa, Oktoba 2019". Kinabaki juu wakati mtu anaskroli. Kama hakuna aliyeandika matukio, kompyuta inaweza kuyakisia kwa pengo, picha zimefuatana dakika kwa dakika afu ghafla masaa sita hakuna kitu, hapo tukio limeisha. Inakosea mara moja moja lakini kurekebisha ni rahisi kuliko kuanza na folda la picha elfu nane lisilo na kichwa.

Kuskroli bila kupotea

Skroli isiyo na mwisho ina raha yake na ina dhambi zake. Dhambi kubwa: mtu kashuka mpaka 2011, kagusa picha, kaitazama, kabonyeza kurudi, na saiti inamtupa juu kabisa kwenye za jana. Hatarudia. Kila picha iwe na anwani yake ya wavuti, na kitufe cha kurudi cha simu kimrudishe mstari ule ule aliokuwa, ile picha aliyoigusa iwe na mpaka wa rangi sekunde moja aone "eeh, nilikuwa hapa". Anwani ya kila picha ina faida nyingine, watu wanatumiana kwenye magrupu ya familia, "shangazi fungua hii, sio mjomba huyu?" na shangazi akifungua inabidi aone picha hiyo pamoja na jirani zake kwenye tukio, sio ukurasa wa mwanzo.

Pembeni kulia weka mshiko wa kuburuta wenye miaka. Mtu anauburuta, namba ya mwaka inatokea kubwa kando ya kidole, anaachia. Usigawe mshiko sawa kwa miaka, gawa kwa wingi wa picha, kwa sababu 1890 mpaka 1950 unaweza kuwa na picha mia mbili na mwaka 2023 peke yake elfu sita. Mimi huongeza kijigrafu chembamba cha wingi nyuma ya mshiko, watu wanakielewa bila kuelezwa.

Kuhusu kasi, kuna viwango vya Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia kompyuta, vya mwaka 1993 ambavyo bado havijazeeka: ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu anahisi kitu kimetokea papo hapo, ikifika sekunde moja anaona ucheleweshaji lakini wazo lake halijakatika, ikifika kumi keshaenda kufanya mengine. Kwahiyo mtu akigusa picha ndogo ikuze ile ile ndogo papo hapo hata kama ina ukungu, afu ile ya kati iingie juu yake ikifika. Mduara unaozunguka kwenye skrini nyeupe sio jibu. Na uvute kabla picha moja tu ya mbele na moja ya nyuma, sio kumi, bando la mtu ni la mtu.

Vitufe viwe vikubwa. Apple wanasema visipungue pointi 44, Google wanasema 48. Mvuvi aliyetoka kushughulika na nyavu hana subira na kitufe cha ukubwa wa punje ya mtama.

Hapa sasa ndo kuchuja na kusachi

Mtu keshaona zote, sasa mpe kuchuja. Mwaka 2003 Marti Hearst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, walijaribu kwenye picha za sanaa kama 35,000, kiolesura chenye makundi ya kuchagua dhidi ya kile chenye kisanduku cha kusachi, na wengi walipenda cha makundi. Sababu unaielewa: makundi yanakuonyesha kilichopo, kisanduku kinakudai ukisie.

Weka machache. Mahali, miaka, tukio, aliyepiga. Kila chaguo liwe na idadi pembeni, "Kaole 212", na chaguo ambalo litaleta sifuri lisigusike kabisa. Aliyochagua yakae juu kama vidonge vyenye alama ya kufuta, aone kwa nini picha zimepungua. Mahali pawe na ngazi, Bagamoyo ndani yake Mji Mkongwe, Dunda, Magomeni, Kaole, Mlingotini, kwa sababu mwingine anajua mtaa na mwingine anajua "kule kwa Wajerumani" tu.

Lebo zenyewe wasiandike mafundi wa kompyuta. Ukikaa pale soko la samaki utaambiwa hiki ni jahazi, hiki mashua, kile ngalawa, kile dau, na mtu akikosea anasahihishwa pale pale kwa sauti. Fundi wa mjini anaandika "boti" kwa vyote. Kwenye databesi unganisha, anayeandika boti aone vyote, anayeandika ngalawa aone ngalawa tu.

Na kama unaleta picha kutoka nje jiandae na tahajia. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za 1860 mpaka 1960, na kule Frankfurt Ujerumani kuna hazina kubwa ya picha za enzi za koloni ambayo ipo mtandaoni. Wajerumani waliandika Bagamojo, Daressalam, Sansibar. Usipoweka hizo kama majina mengine ya mahali pale pale, mtu wa hapa hapa anaandika jina la mji wake anaambiwa hakuna.

Kompyuta kujisomea picha zenyewe? Ipo, tangu kampuni ya OpenAI watoe CLIP, mfumo unaooanisha maneno na picha, mwaka 2021 unaweza kuandika sentensi ikaleta picha inayoendana. Inasaidia. Ila ilifundishwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, kwahiyo ijaribu kwa Kiswahili cha watu wako kabla hujamwahidi mtu, na usiiruhusu iandike lebo bila mtu kuipitia. Kuhusu kupanga picha kwa kufanana, huyo huyo Rodden alishalijaribu 2001, akakuta linasaidia mtu anayejua anataka picha ya aina gani, lakini zikikaa zinazofanana pamoja zinamezana, ile nzuri inajificha katikati ya wenzake. Iwe chaguo la ziada tu.

Kuchagua na kutazama

Wateja wa harusi kazi yao sio kutazama, ni kuchagua picha za albamu. Wape moyo wa kugusa kwenye kila picha ndogo hapo hapo kwenye gridi, bila kuifungua, na kisinia chini ya skrini kinachoonyesha walizochagua na idadi, "64 kati ya 80". Watu wakimwaga picha mkekani wanazisogeza pembeni zile nzuri, hicho kisinia ndo pembeni yenyewe. Ongeza na kuweka mbili ubavu kwa ubavu, kwa sababu mama na binti watagombana kuhusu picha mbili zilizofanana na bora wagombane wakiziona zote. Chaguo zihifadhiwe kwenye simu hata mtandao ukikatika.

Ramani za zamani na negativu kubwa zilizoskaniwa vizuri usizipeleke nzima. Zikate vigae vya pikseli 256, simu ivute vile tu vinavyoonekana mtu anapokuza. OpenSeadragon ni programu ya bure na inafanya kazi hiyo, na inaelewa IIIF, utaratibu wa pamoja wa kuonyesha picha mtandaoni ambao makumbusho na maktaba nyingi duniani wanautumia. Angalia tu mtu akiwa amekuza, kuburuta kidole kumsogeze ndani ya picha, kusimrushe picha inayofuata.

Maelezo ya picha yakae chini, sio juu ya sura za watu.

Sio kila picha ni ya gridi

Picha za unyago na jando, za maiti, za watoto, hizo kabla hazijaingia kwenye saiti ya wazi ongea na wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, ila hata bila sheria mtaani watu wanakujua. Weka kitufe cha "ondoa hii picha" kwenye kila picha, kisichodai akaunti wala barua pepe, na picha ikiombwa ijifiche kwanza ndo muulizane baadae. Futa GPS kwenye nakala zote za hadharani, picha ya sebuleni kwa mtu ikiwa na GPS ni ramani ya kwenda kwake.

Mji huu ulipitia biashara ya watumwa, na picha za zamani za watu wenye minyororo zipo. Usiziweke katikati ya harusi na ngoma mtu akazikuta ghafla anaskroli na mtoto. Zipe ukurasa wake wenye maelezo, kwenye gridi zifunikwe na mtu aamue kufungua. Na yale maelezo ya asili ya wakoloni yenye matusi, usiyafute maana ni ushahidi, lakini juu yake andika ya kwako na useme wazi lipi liliandikwa na nani na lini.

Kujaribu

Usimwulize mtu "umeionaje?" atakwambia nzuri, sisi watu wa pwani hatupendi kumuudhi mtu. Mpe kazi. "Shikamoo bibi, naomba unitafutie picha yoyote ya maulidi ya zamani." "Marahaba mjukuu wangu, lete hiyo simu." Afu nyamaza. Kidole kinakwenda wapi kwanza, anasita wapi, anarudi nyuma mara ngapi. Watu watatu wanne wa namna tofauti, bibi, kijana wa bodaboda, mwongoza watalii, watakuonyesha matatizo mengi kuliko kikao cha siku nzima.

Fanya jua la saa saba, nje. Nyuma ya picha kijivu cheusi kinapendeza sana ndani ya ofisi na nje hakisomeki, weka kitufe cha mwanga pale juu panapoonekana. Tumia simu ya mtu mwenyewe, yenye kioo kilichopasuka na memori imejaa, sio ya kwako.

Jaribio la mwisho ambalo watu wengi wanaliruka: mtu akiwa katikati ya kuskroli, yuko 1998 huko, zima data. Picha zilizokwishalodi zibaki, zile tupu zibaki na rangi zake, juu itokee mstari mmoja mdogo "mtandao umekatika", afu washa data tena uone kama zinaanza kujaza pale pale 1998 bila yeye kugusa chochote. Kama imemrudisha mwanzo, hujamaliza kazi.